Saratani ya mlango wa kizazi: Kipimo cha jeni si ghaibu, na kuchelewa si tawakkul

Na Tabibu wetu, Moshi



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake. Ndugu msomaji, wiki hii katika safu yetu ya afya na usafi tutazungumzia saratani ya mlango wa kizazi, maradhi yanayoua wanawake wengi hapa nchini kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika nayo Tanzania kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Tutaianza mada hii kwa swali aliloniuliza mama mmoja hapa Moshi, kwani naamini wapo wengi wenye swali hilo moyoni.

Mama huyo alikuwa amekatwa kinyama, na majibu yakatoka kuwa ni saratani. Kwenye karatasi ya majibu paliandikwa maneno "p16 chanya". Binti yake akatafuta kwenye simu maana ya maneno hayo, akasoma kwamba siku hizi wataalamu wanasoma jeni za uvimbe na kubashiri mgonjwa yupi ana matumaini zaidi na yupi hali yake ni nzito. Mama alipoelezwa kuwa anatakiwa kwenda Dar es Salaam kwa tiba ya mionzi, akagoma. Akaniambia: "Mwanangu, kama mashine yenu imeshajua siku yangu, nakwenda kufanya nini huko? Na kama haijui, basi wanaoisoma wanadai ghaibu, na mimi sitaki kuingia katika shirki uzeeni."

Swali hilo lina pande mbili, upande wa tiba na upande wa dini. Tutazijibu zote mbili, inshaallah.

KITABU NA USOMAJI WAKE

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya seli Allah (s.w.) ameweka maagizo ya kuuendesha mwili, nayo yameandikwa katika DNA. Agizo moja moja ndilo linaloitwa jeni, na mwanadamu ana jeni takriban 20,000. Seli ya ini na seli ya mlango wa kizazi zina kitabu kile kile cha maagizo. Kinachozitofautisha ni kurasa zipi zinasomwa na zipi zimefungwa.

Mfano wake ni madrasa. Wanafunzi wote wana msahafu ule ule, lakini ukipita karibu na dirisha unasikia huyu yuko Juzuu Amma, yule yuko Yaasin, na mwingine amenyamaza. Kwa kusikiliza sauti tu unajua kila mmoja yuko wapi. Wataalamu hufanya jambo linalofanana na hilo kwa seli. Jeni inaposomwa hutoa nakala iitwayo RNA, na kwa kufuata nakala hiyo seli hutengeneza protini. Wakipima RNA na protini zilizomo katika kile kinyama, wanajua jeni ipi inasomwa kwa nguvu, ipi kwa unyonge, na ipi imezimwa. Hicho ndicho kipimo alichokisoma binti yule kwenye simu.

JINSI KIRUSI KINAVYOVURUGA USOMAJI

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya papiloma, vijulikanavyo kwa kifupi HPV. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, na wenzake ndio waliogundua katika miaka ya 1983 na 1984 aina mbili za virusi hivyo, namba 16 na namba 18, ndani ya uvimbe wa saratani hii. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili peke yake huhusika na takriban saratani 70 katika kila 100 za mlango wa kizazi.

Watu wengi walioolewa au kuoa hupata HPV wakati fulani wa maisha yao bila kujua, na mara nyingi mwili huviondoa virusi hivyo wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Tatizo huwa kwa wale ambao virusi vinabaki. Kirusi kina jeni zake mbili, E6 na E7, na zinapoanza kusomwa kwa nguvu ndani ya seli ya mwanamke huleta madhara mawili. Kwanza, E6 huharibu protini iitwayo p53, ambayo ni mlinzi wa seli: kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika itengenezwe au ife. Pili, E7 huishika protini nyingine iitwayo Rb, ambayo ni breki ya kuzuia seli isizaliane ovyo. Mlinzi akiondoka na breki ikikatika, seli huzaliana bila mpango, na baada ya miaka mingi huwa saratani.

Sasa tuje kwenye ile p16. Hiyo ni breki nyingine ya mwili. Seli inapoona Rb haifanyi kazi, hutengeneza p16 kwa wingi ikijaribu kujizuia. Ni kama dereva anayeteremka na gari kutoka Marangu, waya wa breki umekatika, naye anazidi kukanyaga. Gari halisimami, lakini aliye pembeni akiuona mguu wake anajua kuna nini. Mtaalamu wa maabara anayechunguza vinyama hupaka dawa ya rangi, na p16 ikiwa nyingi rangi huenea. Hivyo basi, maneno "p16 chanya" katika karatasi ya mama yule yalikuwa na maana moja: saratani yake inaelekea kuwa ya aina inayotokana na HPV. Hayakutaja siku yoyote ya kufa. Na tena, zile saratani chache zisizotokana na HPV ndizo ambazo kwa kawaida huwa ngumu zaidi kutibika. Kwa maana hiyo, alama iliyomtisha mama yetu haikuwa habari mbaya kama alivyodhani.

WENZETU WA UGANDA

Msomaji asidhani kuwa mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2017 wanasayansi wa Marekani walichapisha uchunguzi wa kina wa saratani 228 za mlango wa kizazi. Mwaka 2020 ukachapishwa uchunguzi mwingine uliofanywa kwa wanawake wa Uganda, majirani zetu. Humo zilichunguzwa saratani za wanawake 118, na kati yao 72 walikuwa wanaishi na VVU. Ulikuwa wa kwanza kuchunguza kwa kina kiasi hicho, DNA pamoja na usomaji wake, katika saratani hii kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara.

Walichokiona ni kwamba saratani iliyotokana na jamii ya HPV 16 na ile iliyotokana na jamii ya HPV 18 na 45 hazifanani katika usomaji wa jeni. Zote huitwa kwa jina moja na zote huota mahali pamoja, lakini kurasa zilizo wazi katika moja zimefungwa katika nyingine. Vilevile waliona kwamba pale kirusi kilipojipachika ndani ya DNA ya mwanamke, jeni zilizo jirani huanza kusomwa kwa nguvu kuliko kawaida.

Faida yake ni nini? Faida ni kwamba huko mbele daktari ataweza kumjua mgonjwa anayehitaji tiba kali zaidi, na yule ambaye tiba ya kawaida inamtosha asiongezewe mateso bure. Mfano tayari upo: kuna dawa ya kuusaidia mwili upambane na saratani, pembrolizumab, ambayo nchini Marekani iliruhusiwa mwaka 2018 kwa wagonjwa wa saratani hii iliyorudi au kuenea ambao uvimbe wao una protini iitwayo PD-L1. Hapo usomaji wa jeni ndio unaochagua dawa. Lakini dawa hiyo ni ghali mno, na vipimo vya jeni nyingi kwa pamoja si huduma ya kila siku katika hospitali zetu.

JE, HUKU NI KUJUA GHAIBU?

Tumeamini kuwa funguo za ghaibu ziko kwa Allah (s.w.) peke yake. Mwisho wa Suratu Luqman zimetajwa elimu za Kiyama, mvua, yaliyomo matumboni, atakachochuma mtu kesho na ardhi atakayofia. Hakuna mashine wala daktari anayeshiriki katika elimu hiyo.

Lakini sisi watu wa Moshi tukiamka asubuhi tukaona mlima umefunikwa na wingu zito jeusi katika mwezi wa Aprili, mama humwambia mtoto aanue nguo. Hakuna sheikh atakayesema mama huyo amedai ghaibu. Ameona alama iliyo dhahiri, amekumbuka ada aliyoiweka Allah katika viumbe vyake, na akachukua hatua. Mvua inaweza kunyesha, na inaweza kupita.

Alama za ubashiri katika tiba ni za namna hiyo. Kwanza, zinatokana na kitu kinachoonekana na kupimika. Pili, zinazungumzia kundi: kwamba katika wanawake 100 wenye alama fulani, wengi wao hali yao huenda hivi au vile. Haziwezi kumwambia Bi. Fulani kwamba yeye atakuwa miongoni mwa wengi au wachache. Tatu, zinabadilika kwa tiba. Mganga wa ramli hana sifa hata moja kati ya hizo, na ndio maana huyu ni haramu kumwendea na yule ni halali.

Ama kusema "kama imeandikwa imeandikwa" na kukaa nyumbani, hayo si mafundisho ya dini yetu. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na amemfundisha mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika qadar ya Allah na kuingia katika qadar ya Allah. Tiba nayo ni qadar.

ALAMA ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Ndugu msomaji, pamoja na elimu yote hii ya jeni, alama yenye nguvu zaidi ya kubashiri mwenendo wa saratani hii ni ile ya zamani: imefikia hatua gani siku mgonjwa alipofika hospitali. Je, uvimbe umo ndani ya mlango wa kizazi tu, au umetoka pembeni, au umeshika kibofu na njia ya haja kubwa, au umesafiri mbali? Kwa takwimu za Marekani, inapogunduliwa ikiwa bado mahali pake, wanawake takriban 90 katika 100 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikigunduliwa imeshaenea mbali, hubaki takriban 20 tu. Hakuna jeni iliyogunduliwa mpaka leo inayomtengenezea daktari tofauti kubwa kiasi hicho. Alama hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Sehemu yake kubwa iko mikononi mwa mwanamke na familia yake.

Tena kuna nafasi kabla hata haijawa saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mabadiliko ya seli huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa anayeishi na VVU bila dawa yanaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu, na hatari yake ya kuipata ni mara sita zaidi ya wengine. Katika muda wote huo kipimo cha kupaka siki kinaweza kuyaona: sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe baada ya dakika moja hivi, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Kipo pia kipimo cha HPV chenyewe. Kuanzia mwaka 2015 wanawake wa Dar es Salaam na wa mkoa wetu walipimwa HPV katika utafiti wa Watanzania na Wadenmark uliofanyika Ocean Road, KCMC na Mawenzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kupimwa akifika miaka 30, na anayeishi na VVU aanze miaka 25.

DAMU YA ISTIHADHA

Hapa nawaomba masheikh na walimu wetu wa madrasa za kinamama wanisikilize. Mwanamke anapotokwa na damu isiyo ya kawaida, swali lake la kwanza huwa ni la Swala. Anauliza, anaambiwa kuwa hiyo ni istihadha, ajisafishe, atie udhu kwa kila wakati wa Swala, aswali na afunge. Jibu hilo ni sahihi. Lakini mara nyingi maelezo huishia hapo, na yeye hurudi nyumbani akidhani jambo limekwisha. Mama niliyemtaja hapo juu alikaa na istihadha yake mwaka mzima na zaidi. Swala zake zilisihi, na uvimbe ukaendelea kukua.

Bibi Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alipouliza, Mtume (s.a.w.) alimweleza kuwa damu ile inatoka katika mshipa na wala si hedhi. Kwa maana hiyo damu hiyo ina sababu ya kimwili, na sababu ya kimwili hutafutwa. Basi kila anayejibu swali la istihadha aongeze sentensi moja: "Na kesho nenda hospitali." Dalili za kutodharau ni hizi: damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu kwa aliyekwishakoma hedhi, majimaji yenye harufu mbaya, na maumivu ya nyonga au mgongo yasiyoisha. Na asiyeona dalili asijidanganye, kwani mwanzoni ugonjwa huu huwa kimya kabisa.

HAYA, STARA NA TUHUMA

Wapo wanaozuiwa na haya. Haya ni katika imani, lakini wanavyuoni wameruhusu kufunua pale penye haja ya tiba na kwa kadiri ya haja. Omba muuguzi au daktari mwanamke. Asipopatikana, mwanamume anaruhusika, na awepo mwanamke mwingine au maharimu wako chumbani. Uliza pia kama kipimo cha HPV kinapatikana hapo ulipo, kwani kwa kipimo hicho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani. Panga siku ambayo huna hedhi wala hujafunga.

Jambo lingine ni tuhuma. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na kwa sababu hiyo wapo waume ambao wakisikia majibu hukimbilia kusema mke amezini. Ogopeni Allah. Virusi hivi hukaa kimya miaka mingi, hata tangu ndoa iliyopita ya mmoja wenu, na mke mwema anaweza kuvipata kwa mumewe. Hakuna kipimo cha HPV, cha p16 wala cha jeni kinachosema vimetoka kwa nani na lini. Kumsingizia mwanamke zinaa kwa karatasi ya maabara ni dhambi kubwa. Wajibu wa mume ni kutoa nauli, kumsindikiza, na kumtunza.

MABINTI ZETU

Kinga bora ni ile inayozuia E6 na E7 zisiingie kabisa, nayo ni chanjo. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ndio uliotangulia kwa majaribio mwaka 2014, kisha Aprili 2018 chanjo ikaenea nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 hutolewa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Katika utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya HPV 16 miaka miwili baadaye. Chanjo hii haifungi kizazi. Inakilinda kizazi. Na kumchanja binti si kumruhusu zinaa, kwani atakapoolewa kwa halali hajui mumewe amebeba nini. Aliyechanjwa naye atapimwa akifika umri, kwa sababu chanjo haizuii aina zote.

HITIMISHO

Yule mama tulikaa naye pamoja na mwanawe na sheikh wa mtaa wao. Alipoelewa kuwa alama ile ilisema ugonjwa wake ni wa namna gani, na wala haikutaja ajali yake, alikubali kusafiri. Alimaliza mionzi yake Dar es Salaam, na hadi naandika makala haya anarudi kliniki kila anapopangiwa. Siwezi kusema amepona moja kwa moja, kwani hilo analijua Allah. Ninachoweza kusema ni kwamba angekuja mwaka mmoja kabla, huenda safari yake ingekuwa fupi zaidi.

Basi ewe ndugu msomaji, kabla gazeti hili halijafungiwa vitumbua, muulize mkeo, mama yako na dada yako: "Umeshapimwa?" Kama bado, taja siku.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.